Mwenye njia nyingi: Odysseus na lakabu zake

Swali la msomaji: "Mwalimu, nimeanza kusoma Odisea kwa tafsiri ya Kiingereza na sasa niko kitabu cha 9. Kinachonichosha ni majina. Odysseus hatajwi hivi hivi: mara 'mwenye hila nyingi', mara 'mvumilivu', mara 'mwana wa Laertes', mara 'mbomoa miji', na yote yanarudi tena na tena. Je, lakabu hizi zina kazi yoyote katika visa vyake, au ni mapambo tu ya mshairi aliyeishiwa la kusema? Nikiziruka nitakosa nini?"

Usiziruke, ndugu yangu. Lakini sikulaumu kwa kuchoka. Tafsiri imekupa maneno ikakunyima mdundo, na lakabu hizi zilizaliwa na mdundo. Ngoja nianzie huko, kisha tuingie pangoni kwa Polyphemus, zimwi lenye jicho moja, maana umesimama mlangoni pake.

Odisea ni shairi la Wagiriki wa kale kuhusu Odysseus, mfalme wa Ithaca, anavyorudi kwao baada ya vita vya Troy; lina mistari 12,000 na ushei, katika vitabu 24. Mghani wa zamani hakulisoma popote, alilitunga huku akiimba na zeze mkononi, watu wamekaa wanamtazama. Sisi katika utenzi tunahesabu mizani, 8 kwa kila kipande, na kina kikikaa mahali pake kazi imekwisha. Mgiriki alipima urefu wa silabi, ndefu na fupi, zikipangwa katika hatua sita kila mstari, na utaratibu huo hauvunjwi. Hakuna kina cha kumsaidia. Akikosea urefu wa silabi moja, mstari wote unachechemea na kila mtu anasikia.

Sasa fikiria mtunzi wa utenzi anayetunga papo kwa papo kuhusu shujaa aitwaye Ali. Akibakiwa na mizani 5 atasema "Ali shujaa". Akibakiwa na 8 atasema "Ali shujaa wa vita". Hajabadilisha habari hata kidogo, amejaza nafasi iliyobaki. Mgiriki naye ana "dios Odysseus" (Odysseus mtukufu), silabi 5. Ana "polymetis Odysseus" (mwenye hila nyingi), silabi 7. Ana "polytlas dios Odysseus" (mtukufu, mvumilivu wa mengi), silabi 8. Vyote vitatu hukaa mwishoni mwa mstari, na kila kimoja huanzia pale ambapo mstari una pumzi yake ya kawaida. Mghani akisema "akamjibu, akasema" kwa maneno yake ya siku zote, hubakiwa na nafasi inayoingia "polymetis Odysseus" kama ufunguo kwenye kufuli. Ndiyo maana Odysseus akifungua kinywa tu, anakuwa "mwenye hila nyingi", hata kama anaomba maji ya kunywa.

Aliyelionyesha jambo hili kwa hesabu ni Mmarekani Milman Parry, katika tasnifu aliyoitoa Paris mwaka 1928. Alipanga lakabu za mashujaa wakubwa kulingana na nafasi zake katika mstari, akagundua kwamba kila nafasi ina lakabu yake, na kwa kawaida ni moja tu. Hiyo si kazi ya mtu mmoja anayetafuta neno zuri usiku kwenye taa. Ni sanduku la zana lililorithishwa na waghani kwa vizazi. Kisha Parry akaenda Yugoslavia kusikiliza waghani walio hai, na mwaka 1935 Avdo Međedović, mtu asiyejua kusoma wala kuandika, akamwimbia utenzi mmoja wa mistari zaidi ya 12,000. Karibu sawa na Odisea nzima, kutoka kichwani. Parry alifariki mwaka huohuo, akiwa na miaka 33.

Kutokana na hayo ni lazima ukubali kwamba mara nyingi lakabu ni kiziwi. Haisikii kinachotendeka. Katika Iliadi, shairi lile jingine la Homer, la vita vya Troy, shujaa Achilles amekaa ufukweni analia mbele ya mama yake, na shairi linamwita "mwepesi wa miguu". Nausicaa, binti mfalme katika Odisea, anatoa nguo chafu kwenda kuzifua mtoni, nazo zinaitwa "nguo zing'aazo". Irus, omba-omba mlafi wa Ithaca, ana "mama mheshimiwa", kwa lakabu ileile wanayopewa mama wa mashujaa. Na lile neno "dios", ambalo watafsiri wengine hulifanya "wa kimungu" na kuwatisha wasomaji, analo pia Eumaeus, mchunga nguruwe. Kwa hiyo ukiliona kwa Odysseus aliyevaa matambara, usitafute fumbo. (Mimi nampenda zaidi mchunga nguruwe huyo kuliko mashujaa wengi wa Troy, na nadhani mshairi naye alimpenda, maana mara kwa mara humwita kwa nafsi ya pili: "Nawe Eumaeus, ukamjibu.")

Wapo wataalamu wanaoishia hapo: lakabu ni kichomekeo, funga daftari. Mimi siishii hapo. Fundi aliyerithi zana za babu yake hawi mjinga kwa sababu hakuzichonga mwenyewe. Swali ni anazitumia wapi. Na Homer, au yeyote aliyeipa Odisea sura tuliyo nayo, anazo sehemu ambapo anaigeuza lakabu ya kila siku ikawa kisu.

Sehemu ya kwanza ni mstari wa kwanza. Shairi linamwomba Muza, mungu wa kike wa ushairi, asimulie habari za "mtu", na mtu huyo hatajwi jina. Anapewa lakabu tu: polytropos. Jina Odysseus halitokei mpaka mstari wa 21. Na lakabu yenyewe si ya sandukuni, kwa sababu katika mistari yote 12,000 inatokea mara mbili tu. Sehemu ya kwanza ya neno, poly-, ni "nyingi", kama katika lakabu zake nyingine. Sehemu ya pili ni "kugeuka, mgeuko". Wagiriki wenyewe walibishana tangu kale: je, ni mtu aliyegeuzwa-geuzwa na safari, au ni mtu mwenye akili inayogeuka-geuka? Watafsiri wa Kizungu hulazimika kuchagua, ama mzururaji, ama mjanja. Hapa Kiswahili kinatupa bahati. Mimi husema "mwenye njia nyingi", kwa sababu njia kwetu ni ile unayoipita na ni ile unayoitumia kujitoa kwenye shida. Wala neno njia halisemi kama ni njia nzuri au mbaya, na hivyo ndivyo ilivyo kwa polytropos. Utenzi wa kale wa kumsifu Hermes, mungu wa wasafiri na wezi, unampa Hermes lakabu hiyohiyo.

Sasa pangoni. Unajua kisa: Odysseus anaingia na watu 12, zimwi lenye jicho moja linarudi na kondoo wake, linafunga mlango kwa jiwe ambalo magari 22 ya kukokotwa yasingelisogeza, linakula watu wawili usiku, wawili asubuhi, wawili jioni. Odysseus analinywesha mvinyo mkali mara tatu. Likilewa linauliza jina lake, naye anasema: jina langu ni Outis, maana yake "hakuna mtu". Zimwi linamwahidi zawadi ya ugeni: nitakula wenzako kwanza, wewe nitakula mwisho. Kisha linalala, na kigingi cha mzeituni kilichopashwa moto kinalipofua jicho.

Niliwahi kusimulia kisa hiki darasani kwa Kiswahili, na jina nikaliweka Hakuna. Majirani wa zimwi, mazimwi wenzake, wanauliza kutoka nje, ni nani anakuua? Nalo linajibu: "Hakuna anayeniua!" Darasa likacheka, isipokuwa binti mmoja aliyenyoosha mkono akasema: "Mwalimu, kama Hakuna ni jina la mtu, lingesema 'Hakuna ananiua'." Alinibana. Silabi yetu ndogo -ye- inaitoa siri nje. Kigiriki hakina msaliti huyo: "Outis me kteinei" inasimama vilevile kwa maana zote mbili.

Lakini mchezo wenyewe uko katika jibu la majirani. Katika Kigiriki, "hakuna mtu" ina sura mbili kufuatana na sentensi. Katika taarifa ya kawaida ni "ou tis". Baada ya "kama" inageuka kuwa "mē tis". Majirani wanasema: basi, kama hakuna mtu (mē tis) anayekuonea, huo ni ugonjwa kutoka kwa Zeus, mwombe baba yako. Na "mētis", ikitamkwa kama neno moja, ndiyo "akili ya hila". Ile iliyomo ndani ya poly-mētis! Majirani, bila kujua, wamesema kwamba ni hila inayokuua. Na mstari unaofuata mara moja Odysseus anasema moyo wake ulicheka, kwa jinsi jina lake na mētis yake isiyo na dosari vilivyowadanganya. Lakabu ambayo umeisikia mara nyingi mpaka ukaacha kuisikia, imetolewa kwenye jina, imevunjwa vipande viwili, ikawekwa mdomoni mwa majitu yasiyojua yanasema nini. Ukiniambia huyu ni mshairi aliyeishiwa, nitakuomba uanze upya.

Halafu angalia anavyoharibu. Wametoka wakiwa wamening'inia chini ya matumbo ya kondoo, wako majini, wako salama, na wenzake wanamsihi anyamaze. Hanyamazi. Anapiga kelele: mtu yeyote akikuuliza ni nani aliyekutoa jicho, mwambie ni Odysseus mbomoa miji, mwana wa Laertes, mwenye makao yake Ithaca. Jina, lakabu, baba, kijiji. Polyphemus anainua mikono kwa baba yake Poseidon, mungu wa bahari, na kuomba: usimjalie kufika kwao Odysseus mbomoa miji, mwana wa Laertes, mwenye makao yake Ithaca. Neno kwa neno, kama mtu anayenakili anwani kwenye bahasha. Apizo lisilo na jina halina pa kutua. Alipokuwa Hakuna, hakuna aliyeweza kumwapiza.

Kwa hiyo pale ulipo sasa lakabu mbili zinapigana. Mwenye hila nyingi alimtoa pangoni. Mbomoa miji, fahari yake ya Troy, ndiye aliyemkabidhi kwa Poseidon.

Na hiyo ya "mbomoa miji" rudi uitazame kitabu cha 8, maana nadhani uliipita. Mstari wa 3 kabisa, asubuhi kwa mfalme Alcinous: anaamka Odysseus mbomoa miji. Unaweza kusema ni mizani tu. Lakini kitabu hichohicho kinaishia na Odysseus akimwomba mghani kipofu, Demodocus, aimbe kisa cha farasi wa mbao, yaani jinsi yeye mwenyewe alivyoubomoa mji. Wimbo unaimbwa, naye analia. Analiaje? Kama mwanamke aliyemwangukia mume wake aliyeuawa akiutetea mji wao, huku askari nyuma yake wanampiga kwa mikuki mgongoni na kumpeleka utumwani. Mshairi amechukua machozi ya mateka wa mji uliobomolewa akayaweka usoni mwa mbomoaji. Sijui kama katika ushairi wa kale kuna jambo zito kuliko hilo, na lakabu ya mstari wa 3 ndiyo iliyoweka mzigo.

Visa vinavyofuata utavisoma haraka na ni sawa. Aeolus, mtunza pepo, na mfuko wake wa pepo, kisha majitu yaitwayo Laestrygones wanaozamisha merikebu 11 kati ya 12. Vitabu vya 9 hadi 12 anasimulia Odysseus mwenyewe, kwa "mimi", hivyo lakabu zinapungua, zinabaki vinywani mwa anaokutana nao. Hapo ndipo zinapopendeza, kwa sababu kila mmoja anachagua jinsi ya kumwita. Circe, dawa yake inaposhindwa kumgeuza nguruwe, anashtuka: hakika wewe ni Odysseus polytropos, ambaye Hermes aliniambia daima kwamba utakuja. Hiyo ndiyo mara ya pili na ya mwisho ya neno lile la mstari wa kwanza, na wanaohusika ni mchawi wa kuwageuza watu, Hermes, na mtu asiyegeuzika kwa sababu amezoea kujigeuza mwenyewe.

Kisha wale Siren, viumbe wa kike wanaowavuta mabaharia kwa wimbo, katika kitabu cha 12. Watu huwakumbuka kwa nta masikioni na kamba mlingotini, na husahau wanachoimba. Hawamtongozi. Wanamwita "Odysseus msifiwa sana, fahari kuu ya Waakea", yaani Wagiriki. Hiyo "msifiwa sana" katika Odisea haimo mahali pengine popote. Imo katika Iliadi, kwenye shairi la vita. Wanamwita kwa jina lake la ujana, la Troy, na kuahidi kumwimbia yote waliyoteseka watu huko Troy. Ni sawa na mzee mstaafu anayepigiwa saluti na kuitwa kwa cheo chake cha zamani: miguu inataka kwenda. Wao wenyewe wamezungukwa na mifupa.

"Polytlas" nayo, mvumilivu, ina kitenzi chake nyuma: kustahimili, na pia kuthubutu. Calypso, mungu wa kike aliyemzuia miaka 7 na kutaka kumfanya asife kamwe, anamwambia atamwachia aende kwa chelezo, akimtahadharisha juu ya bahari. Anamjibu kwa kitenzi hichohicho: nitastahimili, nina kifuani moyo uliozoea taabu. Lakini ugumu wa neno hili hauko baharini. Uko nyumbani, kitabu cha 20, usiku wa kuamkia vita na waposaji 108 waliovamia nyumba yake. Amelala ukumbini kama omba-omba, juu ya ngozi, anawasikia vijakazi wake mwenyewe wakitoka wakicheka kwenda kulala na adui zake. Moyo unambwekea ndani kama jike la mbwa linalolinda watoto wake. Anajipiga kifua na kuuambia: vumilia, moyo, ulivumilia la kishenzi zaidi siku ile Cyclops (ndiye Polyphemus) alipokula wenzetu. Hakuna dhoruba hapo, kuna mtu anayejizuia kunyanyuka tu.

Usidhani lakabu za namna hii ni za Wagiriki peke yao. Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa mashariki mwa Kongo, ambaye utenzi wake ulighaniwa na Candi Rureke na kuandikwa mwaka 1956, anaitwa Kabutwa-kenda, na Mswahili hahitaji mkalimani: kazaliwa, kaenda. Lakabu ile ni kisa chake cha kwanza kilichofupishwa. Za Odysseus ni tofauti kidogo. Hazisemi alichofanya bali zinasema "nyingi", halafu zinakuachia uhesabu: hila nyingi, mbinu nyingi, taabu nyingi, njia nyingi.

Iko poly- moja zaidi, ambayo hakuipata, nayo itakungoja kitabu cha 19. Babu yake mzaa mama, Autolycus, mwizi na mwapaji mashuhuri wa mlima Parnassus, alifika Ithaca mtoto akiwa mchanga. Yaya Eurycleia akamwekea mtoto magotini na kumwambia ampe jina, akidokeza la kwake: huyu ni polyaretos, aliyeombewa sana. Kwetu angeitwa Maombi. Babu akalipuuza. Akasema, mimi nimekuja hapa nikiwa nimechukizana na watu wengi, wanaume kwa wanawake, basi mtoto aitwe Odysseus, kutokana na neno lao la kuchukia na kuchukiwa.

Yaya huyohuyo, sasa mzee, anamwosha miguu mgeni mchafu gizani, kando ya moto. Mkono wake unapita juu ya goti na kukuta kovu la pembe ya nguruwe mwitu, alilolipata Odysseus akiwinda na wana wa babu huyo. Mguu unamponyoka, unaanguka ndani ya beseni, shaba inalia, maji yanamwagika sakafuni. Circe alisema, hakika wewe ni Odysseus mwenye njia nyingi. Eurycleia anaanza sentensi ileile, na pale penye lakabu anaweka neno lake: hakika wewe ni Odysseus, mwanangu mpenzi. Naye "mwanangu mpenzi" anamkaba koo kwa mkono wa kulia asije akapiga kelele.